Ukungu wa Chumba cha Mkamwana

Isome hii maharage yakiwa jikoni. Utaimaliza kabla hayajaiva. Kisha mpitishie mwenye ukuta na mwenye mkwe.

Kule Rungwe, ambako hata kiangazi kina mvua yake, aliishi mama mmoja aitwaye Sekela. Alikuwa mchapakazi, mwenye nyumba safi na ulimi mkali. Mumewe, Mzee Ambilikile, alikuwa ameshaacha shamba na kubakiwa na kazi moja tu, kukaa.

Nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na kijumba cha matofali chenye chumba kimoja. Humo aliishi mkamwana wao, Tusajigwe, pamoja na mtoto mchanga, Lusajo. Mumewe, Ipyana, alikuwa dereva wa lori la chai. Nyumbani alionekana Jumapili.

Basi ukuta wa chumba kile ukaota ukungu. Ulianza kama vidoa vya wino pembeni, ukapanda, mwishowe ukawa mweusi kutoka kitandani hadi darini. Nguo zikanuka uvundo. Mtoto akaanza kukohoa.

Sekela akapaka chokaa. Baada ya wiki tatu weusi ukachungulia tena. Akapaka tena. Ukarudi tena, safari hii na ndugu zake.

Kule zahanati muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akasema, "Dawa nitawapa. Lakini mkimrudisha kwenye chumba chenye unyevu, mtakuwa wageni wangu kila mwezi."

Sekela alirudi nyumbani amefura.

"Mama Lusajo, miaka thelathini nimekaa hapa sijawahi kulima uyoga ukutani. Wewe umekuja mwaka jana tu!"

"Nasugua, mama."

"Unasugua nini na dirisha hufungui? Nikipita asubuhi limefungwa, nikipita jioni limefungwa. Humo ndani umemficha nani?"

Tusajigwe akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Samahani haikaushi ukuta. Nitamwita fundi. Akisema ukuta una kasoro, nitanyamaza. Akisema ni wewe, Jumapili Ipyana atakurudisha kwenu na lori lake, mama yako amalizie kukufundisha."

Tusajigwe aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake.

Fundi Gwakisa, ambaye ndiye aliyekijenga kijumba, alifika kesho yake. Alipapasa ukuta, akaunusa, akabandika juu yake kipande cha nailoni na kukiziba kwa utepe pande zote nne.

"Tutaangalia keshokutwa," alisema. "Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani, na lawama ni yangu. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya humu ndani."

Keshokutwa wakaangalia. Mbele ya nailoni matone yalikuwa yamejipanga kama jasho. Nyuma, kukavu kabisa.

"Si nilisema!" Sekela akapiga makofi. "Fundi, kunywa chai uende. Kesi imekwisha."

"Bado, mama. Maji haya yana kwao." Fundi akamgeukia Tusajigwe. "Binti, nepi za mtoto unaanika wapi?"

Tusajigwe akainua shuka lililoning'inia kitandani. Chini ya kitanda kulikuwa na kamba tatu, na kwenye kamba hizo nepi kumi na mbili na kanga mbili, zote mbichi.

Sekela akashika kiuno. "Na kamba ile ya nje ni ya kuanikia mbu?"

Tusajigwe akalishusha shuka.

"Nakuuliza wewe!"

"Mama, siwezi kulisema," akajibu Tusajigwe. Machozi yalikuwa karibu. "Naomba ufungue dirisha mwenyewe."

Sekela akavuta komeo, akasukuma ubao kwa nguvu. Hatua tatu mbele yake, chini kabisa ya kamba ya nguo, alikuwa amekaa Mzee Ambilikile kwenye kiti chake, redio mapajani, uso umeelekea dirishani.

"Mama Ipyana," akasema mzee, "umehamia huko?"

Sekela akalifunga dirisha taratibu.

Kwao, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, hukwepa. Kumwanikia nepi na nguo za ndani juu ya kichwa ni jambo lisilotamkika. Sekela alilijua hilo vizuri. Alipokuwa mke mpya alikuwa akijibanza migombani na ndoo ya maji kichwani mpaka baba mkwe wake apite.

Na kiti kile nani alikiweka pale? Ni yeye mwenyewe Sekela. Mwaka jana alichoka na mzee kukaa mlangoni mwa jiko akiuliza kama chakula kimeiva, akambebea kiti hadi nyuma ya nyumba, "penye jua".

"Mwaka mzima?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tangu nije, mama. Akienda kulala mchana, nafungua kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Nimseme baba mkwe? Kwa mdomo upi?"

Fundi akakohoa. "Mama, rangi naweza kukupakia. Ila dawa ya ukuta huu ina miguu minne."

Sekela akatoka nje. "Baba Ipyana, inuka."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Umekaa tu."

Akakibeba kiti hadi barazani mbele, kikatazama barabara. Kisha yeye na mkamwana wake wakafunga vitambaa puani. Walisogeza kitanda mbali na ukuta, wakasugua kwa maji ya sabuni, wakapangusa kwa siki, wakaacha dirisha wazi siku baada ya siku mpaka ukuta ukakauka. Chokaa ilikuja mwisho. Fundi aliwaambia kwamba kuupaka ukungu chokaa ni kuufunika shuka ulale vizuri.

Jumapili Ipyana alifika na lori, akamkuta mkewe anaanika nepi nje.

"Mama, nilisikia kuna mzigo wa kupeleka ukweni."

"Mzigo upo," alisema Sekela. "Toa godoro lile ulianike juani."

Masika yakaja, yakanyesha wiki nane. Kila asubuhi Sekela aliingia na kuupapasa ukuta kwa kiganja. Mkavu. Mtoto alilala bila kukohoa. Na Mzee Ambilikile, aliyesalimiwa sasa na kila apitaye barabarani, aliuliza siku moja, "Hivi nani alinificha kule nyuma muda wote ule?"

Sekela alijifanya hajasikia.

Funzo: Kabla hujamlaumu mtu kwa dirisha alilofunga, ingia upande wake ulifungue, uone anachotazamana nacho, huenda kilichomzuia umekiweka wewe.