Sakafu ya Esnati

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura na fisi, nasema zamani ya juzijuzi ambayo wengine wenu mlikuwa mmeshaota ndevu, palikuwa na nyumba katika mji mmoja wa baridi kule nyanda za juu kusini. Nikisema baridi mnielewe. Mtu wa pwani akifika kule mwezi wa saba huvaa nguo zake zote kwa pamoja na bado huuliza kama kuna blanketi. Sogeeni karibu basi. Nikimaliza nitawauliza jambo, na sitaki mtu aniambie alikuwa anaangalia simu.

Katika nyumba hiyo aliishi Odilo Mlelwa, dereva wa lori la mbao. Aliishi na mkewe Lustika, fundi cherehani, na mama yake mzazi, Bibi Taines. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana, jina lake Esnati.

Esnati alikuwa na kifafa. Alimeza dawa za hospitali kila siku, na dawa zilisaidia, lakini hazikukimaliza. Kuna siku kilimwangusha bila hodi. Sasa nyumba za kule mnazijua, jiko la mkaa hukaa sebuleni katikati na watu wakalizunguka kuota moto. Esnati alipokuwa mdogo aliwahi kuliangukia, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu toka kiganjani hadi kiwikoni. Tangu siku hiyo nyumba nzima iliishi kwa hofu. Kijiko kikianguka jikoni, watu wazima watatu waliruka. Mtoto akikawia bafuni, watu wazima watatu walikwenda kugonga mlango.

Aliyewapunguzia hofu alikuwa mbwa, Sajini. Kule mbwa hulala nje, na Bibi Taines maisha yake yote hakuwahi kuruhusu mbwa avuke kizingiti. Lakini huyu, bila kufundishwa na mtu, alikuwa anajua. Kabla kifafa hakijafika, Sajini alinyanyuka popote alipokuwa, akaingia ndani mbio, akamsukuma mtoto kwa kichwa mpaka akae chini, akajilaza kati yake na jiko, akabweka. Watu wakaja, wakamlaza mtoto ubavu, wakangoja, kikapita. Bibi Taines alipoliona hilo likijirudia, yeye mwenyewe alifungua mlango akasema mbwa aingie, na wa kucheka acheke.

Ikabaki sakafu. Ilikuwa ya saruji, nyekundu, ngumu na baridi kama maji ya mtoni. Sajini aliweza kumkinga mtoto na moto, hakuweza kumkinga na saruji. Mwili wa mtoto ukitetemeka, kisogo kiligonga chini, na sauti ile, Lustika aliwaambia jirani zake, alikuwa akiisikia hata anaposhona. Odilo akaamua kuweka sakafu ya lamineti, zile mbao nyembamba zinazobanana zenyewe kwa zenyewe, juu yake picha ya mti, chini yake unatandika sponji. Mtoto akianguka, inampokea kidogo. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Esnati.

Odilo akaenda dukani. Dada muuzaji akamuuliza kama nyumba yake ina mnyama, naye akasema ana mbwa. Basi, akasema dada, achukue hii yenye mikunjo kama gome la mti, kucha za mbwa zitapata pa kushika, na mikwaruzo haitaonekana. Hii nyingine inayong'aa ni nzuri kwa macho, ila kwa mbwa ni utelezi. Na yoyote atakayochukua, mkojo ufutwe hapohapo, maana ukiingia kwenye maungio mbao zinavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Odilo alipitisha kiganja juu ya ile yenye mikunjo. Halafu, mbele za watu, akapiga magoti akaweka shavu lake juu yake, akalisugua huku na huku. Alipoinuka shavu lilikuwa limechubuka. Akamfikiria mtoto wake akiwa ameanguka kifudifudi, uso ukijisugua bila mtu wa kuuzuia. Akachukua inayong'aa. Kwa ajili ya nani? Ninyi mnajua.

Fundi wa kuitandaza aliitwa Ayubu Sanga. Alifanya kazi safi, hapakuwa na ufa wala kona iliyoinuka. Alipokuwa anakusanya vifaa, Bibi Taines akamuuliza sakafu hii inatunzwaje. Fundi alikuwa na haraka ya kazi nyingine. Akajibu, "Itunzeni kama mlivyoitunza ile ya zamani, bibi. Punguzeni maji tu."

Siku ya kwanza palikuwa na furaha. Esnati alijilaza katikati ya sebule akasema ni kama kitanda. Kisha Sajini akaingia mbio kama kawaida yake, na miguu yake minne ikaenda pande nne. Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka. Mbwa akainuka, akaanguka, akainuka, akatoka nje ameufyata mkia. Kuanzia hapo, akiingia, aliingia akitambaa, kucha zikisema kwaru, kwaru, kwaru, na kicheko ndani ya nyumba kikaanza kupungua.

Lustika akachukua blanketi kuukuu, akalikata vipande virefu, akavitandika toka mlangoni hadi kwenye kiti cha mtoto. Sajini akapita juu yake vizuri kabisa. Lakini kitambaa juu ya sakafu ile nacho kinateleza. Asubuhi moja Esnati alikikanyaga, kikamponyoka mguuni, akaenda na kuishia hatua moja kutoka kwenye jiko, mikono mbele. Lustika alimdaka kwa gauni. Aliviokota vipande vyote, akavichoma. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Esnati.

Sasa Bibi Taines. Ile saruji nyekundu ilikuwa fahari yake. Kila Jumamosi alipiga magoti, akaipaka nta, akaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka unajiona uso. Kule kwao mwanamke hupimwa kwa sakafu yake, hilo msibishane nami. Na fundi alikuwa amesema itunzwe kama ile ya zamani. Bibi akatafuta nta isiyo na rangi ili asiichafue. Magoti yalimuuma, lakini alikuwa ameona vumbi linamkohoza mjukuu wake, na penye nta vumbi halikai. Akapaka. Akasugua. Jumamosi iliyofuata akapaka tena. Kwa ajili ya nani?

Sakafu ikawa inang'aa hadi inatisha. Sajini hakuingia tena. Alisimama kizingitini, akaweka mguu mmoja ndani, akaurudisha. Alitetemeka mwili mzima akimtazama mtoto. Odilo alikuwa safarini na lori. Bibi aliona mbwa amerudi nje mahali pa mbwa, akadhani ni uzee. Lustika ndiye aliyeona hofu katika macho ya mbwa. Aliona, na akajiambia kwamba mume wake akirudi na kupumzika watalizungumza.

Odilo alirudi Ijumaa. Jumamosi mchana kulikuwa na manyunyu na baridi kali. Bibi alikuwa amemaliza kusugua na kwenda jiko la nje kumenya viazi. Lustika alikuwa barazani kwenye cherehani. Odilo alikuwa uani, chini ya lori lake, anafunga nati. Esnati alikuwa sebuleni peke yake anasoma, na mkaa ulikuwa mwekundu.

Sajini akaanza kulia mlangoni. Alilia sauti nyembamba, isiyo ya njaa.

Bibi Taines alimsikia. Akasema moyoni, Lustika yuko karibu zaidi, ataangalia. Lustika alimsikia. Akasema moyoni, namalizia pindo hili, na baba yake yupo leo. Odilo alimsikia kutoka chini ya lori. Akasema moyoni, nyumba ina wanawake wawili, mimi mikono yangu ina grisi.

Mbwa akalia tena, na hakuna aliyenyanyuka. Ndipo Sajini akaingia.

Hakutambaa safari hii, aliingia mbio. Wote watatu walisikia kucha, kwaru, kwaru, kisha kishindo kizito ukutani, kisha mlio ambao sitaujaribu hapa. Walipofika mlangoni walimkuta Esnati yuko chini, macho yamegeuka, mwili unatikisika, nywele zake karibu na jiko kiasi kwamba chumba kilikuwa kimeanza kunuka. Na Sajini, aliyevunjika nyonga, miguu ya nyuma ikimfuata kama nguo iliyolowa, alikuwa anajivuta kwa miguu ya mbele. Alifika kabla yao. Akajilaza kati ya mtoto na jiko, ubavu wake ukagusa bati la moto, na hakuondoka. Alibweka, ingawa watu walikuwa wameshafika.

Mtoto akapona, pumueni. Daktari wa mifugo akaja, akampima mbwa, akasema ataishi, lakini hatakimbia tena. Atakuwa wa kubebwa.

Ndipo hofu ya zamani iliporudi, na safari hii ilikuja kukaa. Sajini angeweza bado kubweka, lakini atakayemsukuma mtoto akae kabla hajaanguka ni nani sasa? Atakayefika kwanza ni nani? Wakaanza kulaumiana, kama watu wanavyofanya wakiogopa. Lustika akasema aliyechagua sakafu ya utelezi ni Odilo, na dukani alikuwa ameambiwa. Odilo akasema utelezi wa dukani mbwa aliuweza kwa kutambaa, aliyeongeza nta ni mama. Bibi Taines akasema nta yake ingepakwa mwaka mzima bila madhara kama njia ya blanketi ingekuwepo, na aliyeichoma ni mke wa Odilo. Kisha wote wakaona nafuu kumgeukia fundi. Wakamwita, akaja, akasikiliza, akavua kofia.

"Neno ni langu, silikatai," alisema Fundi Ayubu. "Lakini mimi jioni narudi kwangu. Nani anabaki na mtoto?"

Na hilo ndilo lililokuwa mbele yao. Mmoja wao alipaswa kuacha kila kitu akae alipokaa Sajini. Akae karibu na mtoto, asishone, asisafiri, asipike, asisinzie, macho kwa Esnati mpaka Mungu atakapoleta jingine. Odilo akasema wapokezane. Esnati akakataa. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mbwa kikiwa juu ya mapaja yake.

"Mkiwa watatu kila mmoja atadhani mwenzake anaangalia," alisema. "Nataka mmoja. Na nataka yule aliyemvunja Sajini. Asiye na kosa atasinzia."

Mngewaona. Watu waliokuwa wanasukumiana kosa kama kaa la moto, wakaanza kuligombania.

Odilo alisema, "Ni langu. Nilionywa waziwazi, na nilipochagua nilikuwa na uso wako akilini, mbwa nilimsahau. Lori nitaliuza."

Bibi Taines akasema kosa ni lake, kwa kuwa mikono iliyopaka ndiyo hii, na alipaka hata baada ya kuona mbwa haingii tena. Alisema yeye ni mzee na usingizi wa wazee ni mwepesi. Lakini akilala mchana kitini kila mtu alimsikia akikoroma, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akaangalia chini.

Lustika alikuwa wa mwisho. Alisema mumewe hakuwepo kuona na mama mkwe hakuelewa alichokiona. "Mimi nilimwona anatetemeka, nikajua anaogopa nini, na nikaendelea kushona," alisema. "Nilikuwa naye hatua chache, analia, nikataka kumaliza pindo."

Esnati akamtazama baba yake, aliyejua kabla. Akamtazama bibi yake, aliyetenda. Akamtazama mama yake, aliyeona. Kila mmoja alimpenda, hilo halikuwa na shaka, na kila alichokifanya alikifanya kwa ajili yake, na ndiyo maana Esnati aliogopa. Akafumbua mdomo kutaja jina.

Mimi naishia hapo. Msiniangalie, nimewaambia tangu mwanzo kwamba nitauliza. Asiwepo wa kuniambia wote watatu, mtoto ameshakataa. Mkaa umewaka, baridi ni kali, mbwa hawezi kunyanyuka, na kile kitu hakipigi hodi. Basi fikirieni, lakini msikawie: kati ya aliyeonywa, aliyepaka na aliyeona, je, ni nani aliyestahili kukaa na Esnati?