Mkate wa Idi Pili

Sikukuu haiishi kabla wa mwisho hajala. Mmemsikia mama yenu akisema hivyo sasa hivi, na nyinyi mmekwisha kuinua masufuria mnataka kumwaga mabaki ya jana. Mnaniuliza, bibi, maneno hayo yametoka wapi? Wekeni masufuria chini kwanza. Wewe Mashavu, hata hicho kijiko. Nitawaambia, maana maneno hayo hayakutoka mbali. Yalizaliwa mtaa huu huu wa Tabora, na watu wake nawajua kwa majina.

Methali hii ilianza hivi. Ile nyumba ya pembeni yenye baraza pana ilikuwa ya mjane mmoja akiitwa Bi Kalunde. Alikuwa na watoto wawili: Nyamizi, aliyekaa naye, na mdogo wake Mrisho, aliyekuwa akifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli huko Kigoma. Baba yao alipofariki, Mrisho alipelekewa habari, akapanda treni, akachelewa. Maiti haiwekwi. Alipofika alikuta kaburi limefukiwa, watu wameshakula na kutawanyika, na majamvi yamekunjwa. Hakugombana na mtu. Alisimama uani akamwambia dada yake, "Hata kuningoja hamkuningoja." Akarudi Kigoma, na miaka ikapita bila yeye kukanyaga nyumbani.

Mwaka mmoja, Ramadhani inaelekea kuisha, dereva wa treni akaleta salamu: Mrisho anakuja kula Idi nyumbani. Lakini alikuwa ameongeza neno. "Nikikuta mmeshamaliza tena, nitajua pale si kwetu." Jamani, maneno ya mtu mzima hayo? Msimcheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Idi ikafika. Mvua nayo ilikuwa imekula tuta la reli, treni imekwama porini. Nyamizi alipika pilau, akangoja, akachungulia barabarani, akangoja tena. Wageni wakaja, na mgeni wa Idi huwezi kumwambia arudi na njaa yake. Masinia yakatoka, sahani za majirani zikaingia, kama tunavyofanya mpaka leo: ukimpelekea jirani sahani ya pilau hairudi tupu. Jua likazama, Mrisho hakuonekana.

Asubuhi ya Idi pili ndipo treni ilipoingia. Nyamizi alikuwa ndiyo kwanza ameosha vyombo akavifudikiza uani vikauke. Mrisho akaingia na begi lake begani, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa yale masufuria, migongo juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, pita ndani!"

"Sipiti, mama. Naona mmeshamaliza." Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomuumiza mama yake. "Treni inangoja kuunganishwa na mabehewa ya Mwanza. Adhuhuri inaondoka, nami naendelea nayo mpaka Dar es Salaam. Kuna kazi huko. Nimekuja kukuaga tu."

Bi Kalunde akamshika mkono. Alijua, na Nyamizi alijua, kwamba akiondoka safari hii harudi.

"Huondoki," Nyamizi akasema. "Hujala Idi. Ukishakula, nenda hata China. Kaa hapo barazani."

"Nitakula nini, dada? Masufuria?"

"Nimesema kaa!"

Nyamizi hakuwa mtu wa kulialia. Alijifunga kanga kiunoni akaingia jikoni. Kulikuwa na nini? Mifupa yenye nyamanyama, ambayo alikuwa ameichemsha alfajiri isichache. Rojo kidogo kwenye bakuli. Mikate ya boflo, imekauka unaweza kuvunjia karanga. Kuku wote walichinjwa jana, na bucha limefungwa, muuza nyama naye si ana sikukuu yake? Basi akachukua sinia akatoka kwenda kwa majirani. Mnajua maana yake, nyie? Kuomba kiporo nyumba kwa nyumba, na kanga mpya ya Idi mwilini!

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Chiku, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi mbaya.

"Nyamizi, umerogwa? Mgeni halishwi kiporo!"

"Si mgeni. Ni Mrisho, na hajala Idi."

"Sasa ndiyo umpe makombo? Idi imekwisha jana, mwanangu. Mpikie uji aende zake."

"Kwetu haijaisha. Toa ulicho nacho, Bi Chiku, au nipishe niende mlango wa pili. Treni hainingoji mimi."

Bi Chiku akaguna, akaingia ndani, akatoka na bakuli la nyama ya kukaanga. Kutoka hapo kila nyumba ilitoa. Huyu paja la kuku, yule maini, yule mayai, Mama Sudi akatoa pilipili yake ya kusaga inayotoa watu machozi. Nyamizi aliporudi, mama yake akamwita chumbani akampa sahani iliyofunikwa kwa kawa. Imejaa pilau na mnofu mzuri wa nyama. "Tia na hii," akamwambia. Nyamizi hakuuliza imetoka wapi, maana adhuhuri haikuwa mbali.

Alichambua nyama yote kwenye mifupa, akaipasha mpaka ikatokota, akaichanganya na rojo na pilipili. Akaipasua mikate tumboni, akaishindilia nyama, akaimwagia mayai yaliyopigwa mpaka ule ugumu ukalainika. Akaipanga kwenye sufuria pana lililopakwa samli, akafunika, akaweka makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko. Oveni alikuwa nayo nani siku hizo? Moto juu, moto chini, na mkono wa kupepea. Harufu ikatoka jikoni ikamfuata Mrisho barazani. Akajifanya hakuisikia, lakini mguu aliokuwa akiutikisa kwa haraka ukatulia.

Treni ikapiga honi. Mrisho akasimama na begi lake. Nyamizi akatoka na sinia, mikate imeiva rangi ya kahawia, inafuka, akasimama kwenye ngazi za baraza, akamzibia njia.

"Mmoja tu. Kula, halafu nitakupisha."

Mrisho akachukua, akauma. Akatafuna polepole. Kisha akasema, "Hii nyama ya Bi Chiku. Bado anatia iliki kama mtu anayefukuza wachawi."

"Nakusikia!" akaita Bi Chiku, aliyekuwa amefuata harufu mpaka hapo barazani.

"Na hii pilipili ya Mama Sudi." Akaendelea kuuma na kutaja nyumba moja moja, majina ambayo hakuyatamka kwa miaka. Akamtazama mama yake. "Njoo ule nami, mama. Au basi, nyinyi mlishakula jana."

"Nani kakwambia nimekula?"

Nyamizi akageuka. Ndipo akaikumbuka ile sahani.

"Kufunga siku ya Idi ni haramu, kwa hiyo nilikunywa chai na tende," Bi Kalunde akasema. "Pilau sikuigusa. Nilimwambia dada yako nitakula baadaye, akaniamini. Baba yako hakuweza kukungoja, Mrisho. Maiti haina uwezo huo. Mimi ni mzima, nimekungoja."

Mrisho akalia, mwanamume mzima, mdomo umejaa mkate. Akamega kipande akamlisha mama yake kwa mkono wake. Treni ikapiga honi ya pili.

"Mrisho, gari lako hilo!" Bi Chiku akamwambia.

Mrisho akanyoosha mkono kwenye sinia. "Dada, niongeze."

Bi Chiku akaketi mkekani, akajichukulia wake bila kukaribishwa. "Nami nilisema Idi imekwisha jana," akasema. "Kumbe sikukuu haiishi kabla wa mwisho hajala." Mtaa ukayachukua maneno yale.

Mrisho hakwenda Dar es Salaam. Alimwoa binti wa Bi Chiku, na mimi ndiye mtoto wao wa kwanza. Kwa hiyo iliki zangu mnazozilalamikia, mmeshajua zilikotoka.

Haya! Dada yenu, huyo Sikujua, jana nzima alikuwa zamu hospitalini akiwahudumia watoto wa wenzake. Mchana huu anatoka, na nyinyi mlitaka aje akute masufuria, migongo juu. Mashavu, lete ile mikate mikavu. Shomari, washa mkaa, na uwe mwingi, kuna wa chini na wa juu. Mengine mtaniuliza mkiwa mnachambua nyama. Sikukuu haiishi kabla wa mwisho hajala.