Mkono Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, ila zile za watu kuanika betri za redio juani ili zifikishe taarifa ya habari ya jioni, alikuwako padri Mhispania katika parokia moja ya milima ya Usambara. Jina lake Padri Eusebio. Alifika na masanduku mawili, moja la vitabu na moja la gitaa. Vitabu vililiwa na mchwa. Gitaa likabaki.

Sasa msije mkadhani nasema gitaa la kwaya, lile la kusindikizia nyimbo za matoleo. Hili lilikuwa gitaa la flamenko, muziki wa kwao padri, ambao watu huucheza kwa kupiga visigino sakafuni mpaka mbao zinatoa vumbi. Baba yake mzazi ndiye aliyelichonga, kwa mbao nyembamba na nyepesi, hata ukilinyanyua unadhani fundi alisahau kutia kitu ndani. Nyuzi zake zimelala karibu sana na shingo. Ukizichapa kwa nguvu zinakwaruza kidogo, na mtu aliyezoea magitaa ya kwaya atakwambia hilo bovu, lirudishwe kwa fundi. Mwache na kwaya yake. Ule mkwaruzo ndio chumvi ya gitaa hilo. Sauti yake hutoka kavu, hukata, halafu hunyamaza upesi ili miguu ya mchezaji nayo isikike.

Padri alifundisha muziki huo katika ukumbi wa parokia kwa miaka ishirini. Walianza wengi, wakaacha wengi, kwa sababu vidole vinauma na mahindi yanataka palizi. Wakabaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Desideri, mpigaji wa harusini, mtu mwenye sikio la ajabu. Akipita nyuma ya nyumba alijua nani anatwanga kwa mlio wa mchi tu. Lakini gitaa lake lilikuwa limenyeshewa, shingo ikapinda, na harusi zikaanza kumpita.

Wa pili alikuwa Severini, seremala wa milango na majeneza. Vidole vyake vilikuwa vizito na muziki aliupiga kwa subira tu. Hata hivyo, mwaka ule kiangazi kilipopasua mgongo wa gitaa la padri, yeye ndiye aliyeuziba kwa kijiti cha mtarakwa. Padri mwenyewe alikitafuta kijiti hicho asikione.

Wa tatu alikuwa Apolonia, na kusema kweli hadithi hii ni yake kuliko ya wenzake. Apolonia alikuwa mchuma chai. Kuchuma chai huvunja kucha, na flamenko hupigwa kwa kucha. Basi akaacha chai, akaenda kuchambua maharage ghalani kwa ujira mdogo. Mama yake alisema hajapata kuona mtu mzima anayeacha kazi kwa ajili ya kucha, na alilisema hilo kila siku ya Mungu. Apolonia akaendelea kuzitunza kucha zake. Gitaa lake mwenyewe hakuwa nalo. Alifanya mazoezi kwa la kwaya, siku ambazo kwaya haikulihitaji. Kwa mikono, hakuna aliyemfikia. Desideri alikubali hivyo, Severini alikubali, na padri alikubali.

Ikaja barua. Padri arudi kwao akapumzike. Kweli alikuwa amezeeka, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, na kwa miaka sita hakuwa amelipiga gitaa lake wala hakumruhusu mtu kulipiga. Alilifuta vumbi tu. Gari la jimbo lingemfuata Jumatatu asubuhi. Jumapili, baada ya misa ya pili, akawaita wale watatu ukumbini.

Akawaambia gitaa haondoki nalo, kwa kuwa mbao zake zimezoea ukungu wa milima hii na jua la kwao litazipasua. Wala hatampa mtu kwa upendeleo. Litakwenda kwa anayelijua. Litapigwa nyuma ya pazia la jukwaa pamoja na magitaa matatu ya kwaya, wimbo ule ule, moja baada ya jingine. Wasikilizaji wataandika namba kwenye karatasi. Atakayelitambua ni lake. Wakilikosa wote, litatundikwa ukumbini hapo, na atakayeweza kulipiga alipige.

Kisha akamgeukia Apolonia, akamwambia yeye ndiye atakayepiga.

Apolonia alidhani hakusikia vizuri. Akauliza zamu yake ya kusikiliza itakuwa saa ngapi. Padri akamweleza kwa upole kwamba haitakuwapo. Mikono yake mwenyewe imekwisha. Desideri hupiga mbio, Severini huburuta, na magitaa yote manne lazima yapigwe sawasawa, ama sivyo jaribio halina maana.

"Katika parokia nzima," alisema padri, "mkono wako peke yake ndio usiosema uongo."

Ilikuwa sifa kubwa, na ilimchoma. Wenye mikono ya kawaida wamepewa nafasi, yeye mwenye mkono mzuri amenyimwa kwa sababu mkono wake ni mzuri. Akajibu, "Sawa, Baba," akapita nyuma ya pazia. Mnaijua "sawa" ya namna hiyo, hasa mliooa.

Akachukua gitaa la kwanza. Lilikuwa la kwaya, zito. Akapiga. Desideri akasikiliza, Severini akasikiliza, padri akainamisha kichwa.

Akachukua gitaa la pili. Nalo la kwaya. Akapiga vile vile, si zaidi wala si pungufu. Desideri akasikiliza, Severini akasikiliza, padri akainamisha kichwa.

Akachukua la tatu.

Lilikuwa lenyewe. Hajapata kulishika, na mikono ilimpanda juu ghafla kwa wepesi wake, ikabidi ajizuie. Akagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, taratibu, watu wa nje wasisikie, na gitaa likatetemeka kifuani mwake. Hapo akaingiwa na wivu, wivu mkali wa mtu anayeona chakula chake kinapakuliwa kwa wengine. Desideri atalijua kwa mstari wa kwanza, nani asijue. Litakwenda harusini, limwagikiwe soda. Naye kesho atarudi ghalani na kucha zake, akazitumie kutenga maharage mabovu na mazima.

Basi mkono wake ukafanya kitu usichowahi kufanya. Ukajipunguza. Akazificha kucha, akapiga kwa nyama ya kidole, laini, ule mkwaruzo usipate kutoka. Gitaa lile likasikika limechoka. Kisha akachukua la nne, la kwaya, zito kuliko yote, akalitia kila alichofundishwa. Alilichapa karibu na mwisho wa nyuzi ili sauti ikauke, akazizima nyuzi kwa kiganja ili zinyamaze upesi, akaligonga kifua kwa kucha. Gitaa la kwaya likasema Kihispania.

Karatasi zikakusanywa. Padri akafungua ya Severini. Nne. Akafungua ya Desideri. Tatu.

Padri akazikunja karatasi zote mbili. Halafu akamuuliza Desideri amelijuaje. Desideri akakuna shingo. Akasema ukweli ni kwamba gitaa la nne ndilo lililosikika zuri, na kama angechagua kwa uzuri angeandika nne kama mwenzake alivyoandika.

"Gitaa sikulisikia, Baba," alisema. "Nilimsikia Apolonia. Miaka kumi na miwili nakaa naye benchi moja, sijamsikia akipiga kwa hofu. Kwenye la tatu aliogopa. Nikajiuliza, gitaa bovu mtu analiogopea nini?"

Pazia likasogea. Apolonia akatoka na gitaa mikononi. Hakulia na hakukana. Aliona haya mpaka masikio yakamchemka, lakini miguu ilimfikisha mbele ya padri, akasema amewadanganya, na akasema kwa nini.

Kabla padri hajajibu, Severini naye akainuka. Akaomba radhi kwa kuchelewa kusema. Yeye pia alilijua la tatu. Palipopigwa uzi mnene alisikia mgongo ukiitika mahali alipouziba, na mlio wa kazi ya mkono wake haumpotei, uwe umepigwa kwa kucha au kwa nyama. Aliandika nne kwa makusudi. Aliona dhambi kumshindania gitaa mtu aliyefungiwa nje ya mashindano. Alitaka wote walikose, litundikwe ukumbini, Apolonia alipige.

Wakabaki wakitazamana kama wezi watatu waliokutana kwenye kitu kimoja.

Padri akamwambia kila mmoja aseme neno lake.

Desideri akasema neno lake. Sharti lilikuwa kulitambua, naye amelitambua. Karatasi ni hii. Hakumdanganya mtu. Hakumhurumia mtu kwa siri. Alikaa, akasikiliza, akaandika. Padri akamuuliza: kama Apolonia angepiga kwa haki, angelijua? Akafikiri sana, kwa kuwa ni mtu mkweli. Akasema hajui. Miaka sita ni mingi. Lakini nani anahukumiwa kwa jambo ambalo halikutokea?

Severini akasema neno lake. Padri alitaka anayelijua gitaa, si anayejua kuandika namba. Desideri alimjua mwanamke. Yeye Severini alilijua gitaa lenyewe, mbao na gundi yake. Lingekuwa limekwisha kufa kama si yeye. Akipewa yeye, atalikabidhi kwa Apolonia hapo hapo. Akaulizwa: mbona alipopewa karatasi aliukataa ukweli? Akasema aliukataa kwa faida ya mwenzake. Desideri akamkumbusha kwamba ni kwa hasara ya mwenzake mwingine, yeye Desideri, aliyekaa naye kiti cha pili. Severini akatazama chini.

Apolonia akasema neno lake, na alilisema polepole.

"Nimekosa, sibishi. Lakini Baba, kulifanya gitaa hili lisikike bovu, na lile la kwaya lisikike kama hili, lazima uwe unalijua kuliko wote. Hawa uliwauliza. Mimi nani aliniuliza?"

Akaulizwa kama anaona ni haki mwongo apewe zawadi. Akasema haoni. Akaulizwa kama anaona ni haki anyimwe. Akasema hilo nalo haoni.

Padri akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema naye ana la kuungama. Lilipopigwa la tatu alimsikia Apolonia akijificha, maana gitaa la baba yake halijapata kuwa legevu vile. Angeweza kusimamisha jaribio pale pale. Hakulisimamisha, kwa kuwa alitambua wakati huo huo kwamba yeye ndiye aliyemfungia nje mwanafunzi wake bora na kuliita jambo hilo sifa. Kwa hiyo hukumu haiwezi kutoka kwake, akasema, mikono yake si safi. Akawaomba watu wahukumu.

Asubuhi ya Jumatatu parokia ikajaa. Wachuma chai walisema Apolonia, wakasema kwa sauti. Wanakwaya walisema Desideri, kwani sharti ni sharti, na leo ukimpa aliyedanganya kesho utamnyima nani? Mafundi walisema Severini, mtu aliyejua na akajinyima. Mama yake Apolonia, ambaye kwa miaka yote alizisema vibaya zile kucha, alisimama kando bila kusema chochote, na ilionekana wazi kwamba anataka kusema.

Dereva wa jimbo akapiga honi. Padri amekwisha kupanda, mlango wa gari uko wazi, anangoja atajiwe jina moja ili aondoke akilijua. Desideri ameweka mikono mfukoni. Severini hajainua uso. Apolonia angali amelishika gitaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliweke chini wala aliyemwambia ni lako, na hathubutu kugusa uzi hata mmoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, honi imepigwa mara ya pili. Mmoja alilijua kwa uongo wa mwenzake, mmoja alilijua akauficha ukweli, mmoja alilijua akadanganya kwa sababu hakuulizwa. Je, nani alistahili gitaa lile? Semeni, na mseme huku mmemtazama Apolonia usoni.