Bi Pimbi na Pori la Miiba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na masoko kama sisi, nchi ya Tembo na nchi ya Kifaru zilitenganishwa na pori la miiba. Kwa Tembo nyanya zikioza mashambani, kwa Kifaru chumvi tele. Aliyeweza kuvuka ni Bi Pimbi peke yake, mkulima wa nyanya. Alipenya chini ya miiba, akarudi na chumvi ya kujaza shavu moja tu.

"Mama, mboga haina ladha!" wanawe walilia kila siku. Roho ikamuuma.

Akaenda kwa Tembo. "Shikamoo Mzee. Tufungulie njia, nyanya zinatuozea."

"Marahaba. Njia? Ili akina Kifaru waje kutumalizia soko letu? Thubutu!"

Kwa Kifaru akajibiwa vilevile, tena akafukuzwa.

Sasa, desturi ya nchi zote mbili ilikuwa moja: pori halina mwenyewe, ukifyeka, ulipofika ni pako. Pimbi akawaza weee, akacheka kimoyomoyo. Akarudi kwa Tembo mbio, anahema.

"Mzee! Kifaru anafyeka pori lote alichukue!"

"Ati nini?" Tembo akainuka, nyumba ikatikisika. Akalivamia pori.

Pimbi huyoo, hadi kwa Kifaru. "Bwana, husikii? Tembo anafyeka!"

Kifaru akatega sikio. Kacha! Puu! Kacha! Puu! "Ala!" Akainamisha pembe, naye akaingia.

Siku saba vumbi likafunika jua. Siku ya nane, paa! Vichwa vikagongana katikati.

"Wewe ndiye uliyeanza!" akafoka Tembo.

"Mimi? Nilikusikia wewe kwanza!"

Wakageuka wote. Salaale! Njia pana, nyeupe, kutoka nchi hii hadi nchi ile, na watu wameshaijaza.

Pimbi alisimama na tenga lake, akasahau hata kuuza. Vilima vya chumvi, dagaa, vyungu, mikeka! Hakuwahi kuona vitu vyote hivyo vimekusanyika mahali pamoja. Mikono ya watu asiowajua ikagombea nyanya zake, na machozi yakamtoka.

"Kumbe ni wewe, kidudu!" Tembo akainua mkonga ampige. "Umetuchezea!"

"Nimewachezea, Mzee, nisamehe. Mkitaka, pandeni miiba upya."

Mkonga ukabaki juu. Mkewe Tembo alikuwa akipita na mkeka mpya kichwani, anacheka na mke wa Kifaru. Tembo akaushusha mkonga polepole.

"Hebu," akamnong'oneza Kifaru, "hao dagaa wenu mnawauzaje?"

Funzo lake, wanangu: anayemfungia jirani njia hujifungia riziki yake mwenyewe.