Kitovu cha Fisi Kilizikwa Wapi?

— Nikianza, mtaniitikia?
— Tutakuitikia.
— Na nikidanganya?
— Tutakuitikia tu, mradi iwe tamu.

Haya. Kila mmoja wenu ana kitovu, na mnajua kwamba cha mtoto kikikatika huzikwa nyumbani. Hapo ndipo kwake, hakuna wa kumfukuza. Wanyama nao walikuwa na desturi hiyo hiyo.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ikabaki chemchemi moja tu. Fisi akaja, akakaa kando yake, tii, akasema, "Kitovu changu kimezikwa hapa. Maji ni yangu."

Swala akija, Fisi anamwambia, "Kitovu changu kimezikwa hapa." Ngiri akija, "Kitovu changu kimezikwa hapa." Nani ambishie? Hakuna aliyekuwepo alipozaliwa. Yeye anakunywa, gu gu gu, wenzake wanalamba mawe.

Nguchiro, kamnyama kadogo tu, alikuwa na watoto wanne wanaolia kiu. Roho ikamuuma. Akawaita wanyama wote waje washuhudie, kisha akamsogelea Fisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikufuata maji. Mama yangu ndiye mkunga aliyekuzalisha, na jana kaniambia alikokizika kitovu chako."

Fisi akakunja uso. "Si hapa?"

"Mheshimiwa kama wewe uzikiwe kitovu matopeni? Ni kule kilimani, katikati ya zizi la mbuzi. Mbuzi wanono, wanatembea kwa shida. Lakini kama wewe unasema ni hapa, basi ni hapa, mjomba. Mbuzi tutawatafutia mwenyewe mwingine."

Mate yakamdondoka Fisi, ndo ndo ndo. "Ni zizini," akasema. "Nakumbuka kabisa."

"Unakumbuka siku uliyozaliwa?"

"Nilikuwa mtoto mwerevu."

"Basi sema wote wasikie."

Fisi akapaza sauti, "Kitovu changu kimezikwa zizini, na mbuzi ni wangu." Huyoo, mbio kilimani.

Akaingia zizini akaanza kufukua, paru paru paru, akitafuta kitovu awaonyeshe mbuzi. Mbwa wa mchungaji wakamkuta kainama. Sisemi walimng'ata wapi. Mtazameni tu anavyotembea, nyuma kumeshuka mpaka leo.

Jioni akarudi akichechemea. "Kitovu changu kimezikwa hapa," akasema.

"Lala chali tukuone," Swala akamwambia. Fisi akalala. Wakamkagua tumbo lote, wakakuta kitovu kimoja.

"Hiki ni cha zizini, ulitutangazia mwenyewe," akasema Swala. "Cha hapa kiko wapi?"

Fisi akaondoka na kiu yake. Watoto wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo ndi.

Ngiri akauliza, "Nguchiro, hivi mama yako alikuwa mkunga kweli?"

"Sana. Na kitovu changu alikizika hapo hapo ulipokanyaga. Hebu sogea kidogo."

Ndiyo maana mpaka leo mahali jambo linapoanzia tunapaita kitovu. Na fundisho ni hili, wanangu: msiseme uongo kamwe, mtapata taabu kama aliyoipata Nguchiro.

Hadithi yangu nimeizika hapa, atakayeifukua ni yake. Na mkitaka kujua kitovu changu mimi kimezikwa wapi, kwanza niambieni leo ni nyumba gani inapika pilau.