Aliyemrudia Nakunda

Mtu mmoja, jina lake Mbazi, alikuwa na shamba la tangawizi milimani, na nyumbani mwake alikuwa na yatima, Nakunda, binti wa marehemu mdogo wake. Mbazi hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia mtoto sare, viatu na mkoba, na taa ya sola ya kusomea. Hata hivyo kila muhula Nakunda alishika mkia. Alipofika kidato cha pili, Mbazi alisema mbele ya watu, "Mimi nimefanya yangu. Huyu kichwa chake kimefungwa. Akishindwa mtihani, jembe linamngoja."

Nakunda alilisikia neno hilo akaliamini. Darasani alijifunza kuinamisha uso ili macho ya mwalimu yampite. Alinakili kila kilichoandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, wala hakuelewa hata mstari mmoja.

Mwaka huo shangazi yake, Namsifu, dada yake Mbazi, alihamishiwa zahanati ya kijijini kuwa muuguzi. Hakuja na zawadi. Alimketisha msichana barazani, akamwambia, "Nionyeshe hesabu unayoiweza."

Nakunda alishangaa. Wote waliomtangulia walitaka kuona asizoziweza. Yeye na shangazi walianza na za kidato cha pili, wakashuka hadi za kidato cha kwanza, wakazidi kushuka, hadi darasa la nne, kwenye hesabu za sehemu, nusu na robo. Za kabla ya hapo alizifanya bila kusita, na hapo ndipo alipokwama.

"Mwaka ule wa darasa la nne ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, shangazi. Mama alikuwa kitandani. Nilikuwa namwogesha, nateka maji. Alipokufa nikarudi shule, nikakuta wenzangu wameshafika mbali."

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Namsifu akaazima kitabu cha darasa la nne kwa mtoto wa jirani, wakaanza. Watoto waliopita njiani walicheka. Mbazi aliona aibu.

"Dada, msichana mzima na kitabu cha watoto? Mtihani uko mbele!"

"Uko mbele, kaka," Namsifu akajibu. "Lakini mtoto alipotea nyuma, na huko ndiko nitakakomfuata."

Haikuwa kazi nyepesi. Namsifu alitoka zahanati amechoka, miguu imevimba, akaketi. Mara nyingine yeye mwenyewe alikosea, wakafuta, wakaanza upya. Siku nyingine Nakunda alilia, akaenda kujificha shambani. Shangazi hakumwita wala hakumkemea. Alikaa na kitabu kikiwa wazi mapajani mpaka msichana aliporudi mwenyewe.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Nakunda alinyoosha mkono darasani. "Mwalimu, hapo sijaelewa. Naomba urudie." Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni, maana sauti ile alikuwa hajawahi kuisikia. Akarudia. Na wengine wengi, waliokuwa wakitikisa vichwa kana kwamba wameelewa, wakaanza kuandika.

Nakunda hakuwa wa kwanza katika mtihani. Alikuwa katikati, nayo katikati ilimtosha kuendelea. Aliendelea hadi chuo, na leo ni bwana shamba wa wilaya jirani, ingawa ni mwanamke. Wakulima wanamwita hivyo hivyo.

Siku yalipotoka matokeo ya mtihani ule wa kidato cha pili, Mbazi alichinja mbuzi. Alisimama akawasimulia wageni habari za viatu, mkoba na taa. Alisema kweli, kwa maana bila viatu mtoto angekwenda peku. Namsifu aliendelea kula. Nakunda alipogawa nyama alimpelekea kwanza baba yake mkubwa, kama ilivyo heshima, kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akaenda kuketi chini, karibu na miguu ya shangazi yake.

Nanyi mnaosema mtoto wenu hana akili: je, mnajua alipotea mwaka gani?