Kwa Nini Waingereza Humwita Kipepeo Inzi wa Siagi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mtungi, mtungi una siagi, siagi ina mwizi.

Basi tulieni. Mjukuu wangu Saumu katoka shule na swali: kwa nini Waingereza humwita kipepeo inzi wa siagi? Mwalimu hajui. Kamusi nayo inababaika. Mimi sikuwepo, lakini najua.

Zamani wanyama walisukasuka maziwa yao katika mtungi mmoja. Chubwi-chubwi, chubwi-chubwi. Na desturi yao ilikuwa hii: siagi ya kwanza hupewa mzazi aliyejifungua karibuni, wengine baadaye. Mwaka ule mzazi alikuwa Digidigi. Maziwa yalimkaukia, mtoto analia nyaa, nyaa, na dawa ni siagi hiyo tu. Mlinzi wa mtungi alikuwa Fisi, kwa sababu ana nguvu.

Siku ya kwanza, siagi hakuna. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, hakuna.

"Nani kala?" akauliza Digidigi.

"Huyo hapo," akasema Fisi, akimwonyesha Kipepeo. "Mtazameni rangi yake. Huyo ni inzi wa siagi."

Masikini, Kipepeo alikuwa wa manjano tangu kuzaliwa.

Sasa, pale barazani alikuwepo mgeni Mwingereza, kaja kukusanya majina ya wadudu. Akaandika: inzi wa siagi. Akafunga daftari, akaaga, akaenda zake.

"Ang'olewe mabawa," akasema Fisi.

Kipepeo akaogopa sana. Bila mabawa ataishije? Lakini akasema polepole, "Ni mimi, nisameheni. Tena sikumaliza. Tonge kubwa limebaki chini kabisa ya mtungi. Kapumzikeni kwanza, jua kali. Alasiri mpeni mzazi, kisha mning'oe."

Wakaenda kulala. Fisi akabaki na mtungi. Akatazama huku, kimya. Akatazama kule, kimya. Akaingiza pua. Akaingiza macho. Akaingiza masikio. Kwapu! Kichwa kikanasa.

Ng'uu! Ng'uu! Wanyama wakaamka.

"Bwana Fisi, unatafuta nini humo?"

"Nalinda," akajibu Fisi kutoka ndani.

Wakamvuta kwa miguu ya nyuma, po! Wakamfukuza. Wakasukasuka maziwa upya, Digidigi akalamba siagi, na kabla ya magharibi mtoto akanyonya akashiba. Hata mimi nilipohadithiwa moyo ulitulia.

Kipepeo hakungoja kupongezwa. Aliruka mbio, akamkuta mgeni njiani.

"Bwana, kesi imekwisha. Aliyekula ni Fisi. Lifute lile jina."

Mgeni akamtazama, akatabasamu. "Mzuri kweli, huyu inzi wa siagi," akasema, akaendelea na safari.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi.

Na funzo lake ni hili: ukizaliwa wa manjano, kaa mbali na siagi ya watu. Na ukiwa mwizi, usihangaike kujificha, tafuta jirani wa manjano.